Bawa, Data na Mipaka ya Modeli Nyepesi

Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa vyuo vya Mlimani au Mabibo, Dar es Salaam, anayetaka kuunda ndege ndogo isiyo na rubani, ni vigumu kupata ahadi inayovutia kuliko ile inayotolewa siku hizi na modeli nyepesi zinazofunzwa kwa data: kwamba hahitaji kompyuta kuu wala handaki la upepo, yaani njia iliyofunikwa ya kupulizia bawa hewa ili lipimwe, ndipo ajue hewa itakavyopita juu na chini ya bawa lake, kwa kuwa modeli itampa jibu ndani ya sekunde moja kwenye kompyuta mpakato yake. Ahadi hiyo si ya uongo. Mimi mwenyewe naamini kwamba, kwa nchi isiyo na fedha za kuchezea, mlango huu ndio wa kuingilia. Ninachokipinga ni namna tunavyozipima modeli hizo. Tunauliza zina kasi kiasi gani na zinakosea kwa asilimia ngapi, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa zimefunzwa kwa data ipi, data hiyo ilitoka wapi, na hali zinazozijua zinaishia wapi.

Sababu ya kutafuta wepesi inaeleweka. Milinganyo ya Navier na Stokes, ambayo imekuwepo tangu karne ya 19, inaeleza mwendo wa hewa kwa ukamilifu wa kutosha, lakini kuitatua bila kufupisha chochote ni kazi ghali mno. Ugumu wake hupimwa kwa namba ya Reynolds, inayopatikana kwa kuzidisha kasi ya upepo kwa msongamano wa hewa na kwa upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kisha kugawanya kwa mnato wa hewa. Bawa lenye upana wa sentimita 20, linalokwenda mita 15 kwa sekunde katika hewa ya Dar es Salaam yenye joto la nyuzi 30, lina namba ya Reynolds ya takriban 190,000; bawa la ndege ya abiria iliyo juu angani katika mwendo wake wa kawaida linaweza kufikia karibu milioni 20. Kwa makadirio yanayotokana na nadharia ya Kolmogorov ya mwaka 1941, kila namba hiyo inapoongezeka mara 10, idadi ya vituo, yaani nukta za hewa ambazo kompyuta inapaswa kuzikokotoa, huongezeka takriban mara 178, na hapo bado hatujahesabu hatua za muda. Ndiyo maana hata watengenezaji wakubwa wa ndege hawasanifu mabawa yao kwa njia hiyo, wala hawatarajii kufanya hivyo karibuni.

Wazo la kurahisisha kwa kutumia data lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 John Lumley alipendekeza kwamba mtiririko wenye msukosuko uchambuliwe kuwa maumbo ya msingi, yaliyopangwa kwa kufuata kiasi cha nishati ambacho kila umbo hubeba, na mwaka 1987 Lawrence Sirovich akaonyesha njia ya kuyapata maumbo hayo kutoka kwenye picha za papo za mtiririko bila kuielemea kompyuta. Unachukua mamia ya picha za kasi ya hewa kuzunguka mkato wa bawa, yaani umbo linaloonekana bawa linapokatwa kutoka mbele kwenda nyuma, unaondoa wastani wake, kisha unatafuta kwa hesabu maumbo machache ambayo yakijumlishwa kwa viwango tofauti yataijenga upya kila picha. Mtiririko uliokuwa ukidai namba laki kadhaa kwa kila nukta ya muda sasa unaelezwa kwa namba mbili, nne au kumi. Mfano unaopendwa na walimu ni wa upepo unaopita kwenye nguzo ya mviringo kwa namba ya Reynolds ya 100, ambapo visulisuli huchomoka nyuma ya nguzo kwa zamu, upande huu kisha upande ule. Hapo maumbo mawili tu hubeba zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya mabadiliko. Bawa lililoinuliwa kwa pembe kali kwenye kasi ndogo humwaga visulisuli kwa namna inayofanana, na kwa sababu hiyo nguzo hufundishwa kabla ya bawa.

Msomaji mwenye haraka hufunga daftari hapo. Asifunge. Mwaka 2003 Bernd Noack na wenzake walionyesha jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila maabara inayoshughulika na modeli hizi. Modeli iliyojengwa kwa maumbo hayo bora kabisa, yaliyotolewa kwenye mtiririko uliokwisha kuzoea mzunguko wake wa visulisuli, ilishindwa kueleza ipasavyo jinsi mtiririko unavyotoka katika hali ya utulivu hadi kuufikia mzunguko huo. Data haikuwa na picha ya safari hiyo, hivyo maumbo hayakuwa na namna ya kuibeba. Tiba yao haikuwa kurundika maumbo zaidi ya aina ileile. Waliongeza umbo moja, lile la tofauti kati ya mtiririko tulivu na wastani wa mtiririko unaozunguka, ambalo katika orodha ya nishati ya data ya awali halikuwa na nafasi, na modeli ya namba tatu ikaanza kuufuata mwendo wote. Aliyelidai umbo hilo ni fizikia. Mwaka 2016 Steven Brunton, Joshua Proctor na Nathan Kutz walichapisha mbinu inayotafuta milinganyo mifupi kutoka kwenye data yenyewe, na mbinu hiyo ikaupata muundo uleule wa modeli ya nguzo. Watu wengi hutaja ushindi huo kuwa ushahidi kwamba data inajitosheleza. Wanasahau kutazama mbinu ililishwa nini: data iliyoanzia katika hali mbalimbali, pamoja na umbo lile la tatu likiwa limekwisha kuwekwa mezani na binadamu aliyejua kwa nini linahitajika.

Tatizo la pili linahusu nishati yenyewe, na kwa bawa dogo ni zito kuliko la kwanza. Kwenye namba za Reynolds za makumi ya maelfu hadi laki mbili hivi, tabaka jembamba la hewa linalogusa uso wa bawa huweza kuachana na uso huo, likatibuka, yaani likaingia katika msukosuko, kisha likarudi na kuushika tena, likiacha chini yake povu refu na jembamba la hewa inayozunguka polepole. Povu hilo lina nishati ndogo sana. Katika orodha ya maumbo yaliyopangwa kwa nishati, alama zake zinaweza kuangukia chini ya mstari ambao mchambuzi amekwisha kukata. Hata hivyo ndilo linaloweza kuamua bawa litapoteza nguvu ya kuinua kwenye pembe ipi, na litaipoteza taratibu au kwa kishindo. Kukata orodha pale asilimia 99 ya nishati inapotimia imekuwa desturi ya kitaaluma inayokubalika bila maswali, ingawa hakuna sheria ya maumbile inayosema kwamba kilicho kidogo kwa nishati ni kidogo pia kwa matokeo. Mhandisi anayeunda chombo cha kubeba damu au dawa hadi zahanati ya kisiwani hana faida na picha nzuri ya visulisuli vya nyuma ya bawa, iwapo modeli yake haijui chombo kitaanza kuanguka kwenye nyuzi 9 au nyuzi 12.

Ipo pia mitiririko ambayo haikubali kufupishwa kwa kujumlisha maumbo, hata data ikiwa nyingi kiasi gani. Wimbi la mshtuko linalosogea mbele na nyuma juu ya bawa la ndege inayokaribia kasi ya sauti ni mfano wake, kwa sababu kila mahali linaposimama linadai umbo la peke yake. Suala hilo halimgusi mwenye chombo cha mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo nalipita.

Kinachomgusa ni mitandao ya neva. Hapa akili mnemba imeleta mabadiliko ya kweli, kwani mtandao haulazimiki kujumlisha maumbo. Hujifunza moja kwa moja uhusiano kati ya umbo la mkato, pembe yake dhidi ya upepo, na uwanja mzima wa kasi na kanieneo unaouzunguka. Mwaka 2022 ilitolewa hazina ya data ya wazi inayoitwa AirfRANS, yenye hesabu 1,000 za mikato ya familia za NACA, kamati ya zamani ya utafiti wa anga ya Marekani, zinazotajwa kwa tarakimu nne au tano, kwa namba za Reynolds kati ya milioni 2 na milioni 6 na pembe kati ya nyuzi -5 na 15. Ni kazi nzuri, na uwazi wake ni wa kupigiwa mfano. Lakini mwanafunzi wetu akiichukua modeli iliyofunzwa humo na kuiuliza kuhusu bawa la namba ya Reynolds 190,000, anaiuliza mahali palipo zaidi ya mara 10 chini ya mpaka wake, katika eneo ambalo povu nililolieleza hapo juu ndilo linalotawala. Modeli haitasita. Itamchorea uwanja wa rangi laini zinazopokezana vizuri kuzunguka bawa, bila dalili yoyote kwamba imevuka mipaka ya inachokijua, na mtu asiyejua aina ya data iliyoilea hatakuwa na sababu ya kuishuku.

Kuna jambo la ndani zaidi. Data hiyo haikupimwa kwenye upepo; ilikokotolewa kwa milinganyo iliyokwisha kufanyiwa wastani, ambamo athari ya msukosuko inawakilishwa na modeli ya Florian Menter ya mwaka 1994, yenye vigezo vilivyorekebishwa ili vikubaliane na majaribio fulani. Modeli za jamii hiyo, zinapotumika katika hali yake ya kawaida, huichukulia hewa iliyo karibu na uso wa bawa kana kwamba imekwisha kutibuka tangu mbele, dhana inayofaa kwa bawa kubwa na inayopotosha kwa bawa dogo. Kwa hiyo mtandao haujajifunza hewa. Umejifunza maoni ya modeli nyingine kuhusu hewa, na kosa la asilimia moja au mbili linalotangazwa ni la mwanafunzi akilinganishwa na mwalimu wake, wala si lake akilinganishwa na upepo. Waliotengeneza hazina hiyo hawakuficha lolote kati ya haya. Yanapotelea njiani, pale muhtasari wa kazi unapofupishwa mara ya pili na ya tatu hadi linabaki neno moja la sifa, kwamba modeli ni sahihi.

Hata kipimo cha kosa chenyewe kinahitaji kukaguliwa. Picha mbili za papo zinazofuatana kwa sehemu ndogo ya sekunde hutofautiana kidogo sana. Mchambuzi akizichanganya picha zote, akatenga sehemu yake moja kwa ajili ya mtihani, modeli itakuwa imekwisha kuona majirani wa kila swali, na ufaulu wake hautatuambia chochote. Mtihani wa haki hutenga mkato mzima ambao modeli haijawahi kuuona, au safu nzima ya pembe, au kasi nzima. Pamoja na hayo, wastani wa kosa la uwanja mzima huficha kinachotafutwa. Kwa mkato wa NACA 0012, wenye unene wa asilimia 12 ya upana wake, nadharia ya bawa jembamba hutoa namba ya kuinua, yaani nguvu ya kuinua ikielezwa bila kutegemea ukubwa wa bawa, msongamano wa hewa wala kasi, ya takriban 0.55 kwenye pembe ya nyuzi 5, ambapo namba ya ukinzani, hewa ikiwa imetibuka na namba ya Reynolds ikiwa milioni 6, haizidi sana 0.008 pembe inapokuwa sifuri. Ukinzani huo hutokana zaidi na msuguano ndani ya tabaka jembamba mno lililoshika uso wa bawa, mahali ambapo vituo vya hesabu ni sehemu ndogo ya eneo lote lililochorwa. Modeli inaweza kuwa na uwanja unaopendeza, ikapata nguvu ya kuinua vizuri, na bado ikakosea ukinzani kiasi cha kuharibu kabisa makadirio ya umbali ambao betri itaifikisha ndege.

Ukiangalia historia, utaona kwamba hakuna kizazi kilichopata modeli nyepesi bila kwanza kugharimia kipimo kizito. Mwaka 1933 Eastman Jacobs, Kenneth Ward na Robert Pinkerton walichapisha vipimo vya mikato 78 inayohusiana, iliyopimwa katika handaki la Langley nchini Marekani ambamo hewa ilishindiliwa hadi takriban mara 20 ya kanieneo ya kawaida, ili bawa dogo la majaribio lifikie namba ya Reynolds inayokaribia ile ya ndege halisi. Mikato yao ilielezwa kwa tarakimu nne tu: NACA 2412, inayojulikana kwa kutumika kwenye ndege ndogo ya Cessna 172, ina mpindo wa asilimia 2 ulio kwenye asilimia 40 ya upana, na unene wa asilimia 12. Mhandisi wa enzi hizo aliyekadiria tabia ya mkato ulio kati ya mingine miwili iliyopimwa alikuwa akitumia modeli nyepesi iliyofunzwa kwa data, ingawa alikuwa na rula na penseli. Tofauti ni kwamba jedwali lilimwonyesha waziwazi safu ya mwisho, na baada ya safu hiyo palikuwa na karatasi tupu. Mtandao wa neva hauna karatasi tupu.

Fizikia, kwa upande wake, hutupunguzia mzigo wa kupima kuliko tunavyoipa sifa. Hewa ya Dar es Salaam yenye joto la nyuzi 32 ina msongamano wa takriban kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Ya Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi kama kilo 1.03 joto likiwa nyuzi 28. Anayefundisha modeli kwa nguvu ghafi, zilizopimwa kwa nyutoni, atadhani anahitaji data mpya kwa kila mji. Anayeifundisha kwa namba zisizo na vizio, kama ile ya kuinua, kisha akaingiza msongamano kupitia namba ya Reynolds na kanieneo ya mwendo, inayotokana na msongamano na kasi ya hewa, amebeba miji yote miwili kwa data ileile. Uchafu, wadudu na vumbi lililoganda kwenye ukingo wa mbele havina bahati hiyo, kwa kuwa vinabadilisha umbo lenyewe na mahali tabaka la hewa linapotibuka, na hilo linahusu pia mapanga ya mitambo ya upepo kama ile ya Mufindi, ambayo hukaa nje kiangazi na masika bila kuoshwa kila siku.

Ndiyo maana, nikiambiwa nichague modeli moja ya kumfundishia mwanafunzi, ningeiacha mitandao mikubwa na kuanza na ile ya Mikhail Goman na Alexander Khrabrov ya mwaka 1994. Inaeleza bawa linaloinuliwa ghafla kwa namba moja ya ndani, yaani mahali kwenye upana wa bawa ambapo hewa inauacha uso: moja ikiwa hewa imeshika hadi ukingo wa nyuma, sifuri ikiwa imeachia tangu mbele. Namba hiyo hufuata mkunjo uliopimwa bawa likiwa limetulia, ikichelewa kwa vipindi viwili vya muda vinavyotafutwa kwenye data. Basi. Majaribio machache ya bawa linalopandishwa na kushushwa yanatosha kuvipata vipindi hivyo, na modeli inapokosea unaweza kuonyesha kwa kidole ni kitu gani kimekosewa. Nahodha wa ngalawa anayelegeza demani, kamba ya kukazia tanga, mara tanga linapokuwa limekazwa kupita kiasi anafuatilia jambo la aina hiyohiyo, mahali upepo unapoachana na kitambaa, na hajawahi kuhitaji picha ya uwanja mzima. Wapo watakaosema modeli ya namba moja ni duni kwa sababu haioni visulisuli. Ni kweli haioni, na haidai kuona.

Kwa mazingira yetu, uamuzi unaofuata ni wa bajeti kabla haujawa wa programu. Kuna mvuto mkubwa wa kutumia fedha kidogo zilizopo kununua kadi za michoro na kulipia kompyuta za ng'ambo, kwa kuwa vifaa hivyo huonekana vya kisasa na matokeo yake hupatikana kabla ya muhula kwisha. Ningependekeza sehemu kubwa ya fedha hizo ijenge handaki dogo la upepo lenye kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Bawa la majaribio lenye upana wa sentimita 15 humo lingefikia namba za Reynolds kati ya takriban 47,000 na 280,000, eneo ambalo hazina niliyoitaja hailigusi na ambamo ndege zetu ndogo zitaruka. Vinahitajika matundu ya kanieneo kwenye uso wa bawa, mizani ya kupima nguvu, moshi wa kuonyesha hewa inapoachia, na fundi mwenye ajira ya kudumu. Huyu wa mwisho ndiye anayesahauliwa katika kila andiko la mradi. Kila mkato upimwe mara mbili, ukiwa safi na ukiwa na chembe za mchanga zilizobandikwa kwenye ukingo wa mbele, na data ghafi iwekwe wazi pamoja na kosa la kila kifaa, ili anayeifunza modeli ajue mipaka yake tangu mwanzo.

Kupima kusianze na mkato wa kubuniwa hapa, hata kama wafadhili wangeupenda zaidi. Kuanze na NACA 0012, ambao umepimwa katika mahandaki mengi duniani na ambao, kwa kuwa pande zake mbili zinalingana, unapaswa kutoa nguvu ya kuinua ya sifuri pembe inapokuwa sifuri. Handaki letu likitoa namba nyingine hapo, tutajua upepo wake umepinda au bawa limefungwa vibaya, na tutalirekebisha kabla ya mtandao wowote wa neva kujifunza kosa hilo kana kwamba ni tabia ya hewa.